Barua Katika Kipindi cha Marudio

Jumatatu ile mwalimu wa fasihi alikwenda kazini mwepesi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kwa miaka mitatu alikuwa na maneno ya kumwambia mdogo wake, na Jumapili, baada ya kufua na kuanika, alikaa mezani akayaandika yote. Aliandika rasimu kwanza, maana mwalimu hata akiandika orodha ya sokoni huanza na rasimu. Kisha akainakili vizuri kwenye karatasi yenye mistari, akaitia ndani ya bahasha, na bahasha akaitia mkobani. Afadhali, alijiambia. Sasa yamekwisha.

Huyo mdogo wake alikuwa seremala, na ukoo mzima ulimwita Fundi tangu alipotengeneza kigoda cha kwanza, kilichomwangusha shangazi yao. Mwalimu na Fundi walikuwa wawili tu kwa mama yao. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kumzika mama huyo, pale mwalimu alipomkuta mdogo wake katikati ya watu akamwambia kwa sauti ya darasani, "Umekuja kuzika? Ungekuja kuuguza!" Fundi alizika, akaondoka, na mlango ukafungwa hivyo.

Ungebaki umefungwa kama si wifi yake mwalimu, yaani mke wa Fundi, kupiga simu Jumamosi. "Wifi," alisema, "mimi ya kwenu siingilii. Lakini mwenzangu amelazwa, anapasuliwa tumbo Jumanne asubuhi. Kama una neno lolote, Jumatatu saa saba nitapita shuleni kwako nikielekea hospitali. Nipe nimpelekee." Mwalimu akasema atakuwa na barua.

Basi neno likawa ndani ya bahasha, na hapo hapakuwa na shida. Shida ilitokana na rasimu.

Mwalimu huyu alikuwa na tabia ambayo walimu wenzake wataielewa: karatasi yenye upande mmoja mweupe kwake haikuwa taka. Alikuwa na bunda zima la namna hiyo, matangazo ya vikao vya zamani, ratiba zilizofutwa, mitihani ya mwaka juzi, na nyuma yake ndiko alikotungia hadithi fupi za kuwapa wanafunzi mazoezi. Alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa mkono, kila wiki moja. Jumapili ile alipomaliza kunakili barua yake, rasimu ilikuwa mezani na upande wake wa pili ulikuwa mweupe. Usiniulize mtu mwenye akili zake anafanyaje jambo kama hilo. Aliigeuza, akaandika juu yake hadithi ya mlinzi aliyepoteza funguo, akaona amefanya kazi mbili kwa karatasi moja.

Asubuhi aliiacha kwa mtu wa fotokopi wa shule, ambaye wanafunzi walimpa jina la Wino. Wino hakuwahi kusoma alichokitolea nakala tangu aajiriwe. "Mimi nikianza kusoma," alizoea kusema, "mitihani yenu itatoka wakati wa likizo." Alipokea karatasi, akatazama upande uliokuwa juu, akaulaza kwenye kioo na kutoa nakala arobaini na moja. Kiranja akazichukua moja kwa moja hadi darasani.

Kilikuwa kipindi cha marudio, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho. Ukutani palibandikwa Maswali Kumi, ambayo mwalimu aliyatunga ili yafae hadithi yoyote duniani: nani anasimulia, mgogoro uko wapi, dhamira ni nini, na mengine kama hayo. Na kila jibu lilipotolewa, liwe sahihi au la, mwalimu aliuliza, "Ushahidi uko wapi?" Ndiyo maana shule nzima, pamoja na mpishi, ilimwita Bi Ushahidi. Yeye alijitia hamnazo, lakini jina alilipenda.

Desturi ya darasa ilikuwa mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Alisimama kijana waliyemwita Kamusi, aliyekuwa na maana ya kila istilahi kichwani na hakukosa kuitoa hata asipoulizwa. Mwalimu aliwapa mgongo, akaanza kuandika ubaoni neno "Msimulizi".

"Ndugu yangu," Kamusi alisoma. "Salamu ningetanguliza, ila salamu ni za watu wanaosalimiana."

"Eeeh!" darasa likaguna kwa raha. "Huyu dada ana mdomo!"

Chaki ilikatika. Mwalimu aligeuka polepole, akatazama karatasi iliyo karibu, na macho yakamtoka pima. Ulikuwa mwandiko wake, barua yake, mara arobaini na moja.

Fikiria, ungefanya nini? Angesema "rudisheni," wangejua kuna jambo, na mwanafunzi akijua kuna jambo hasahau mpaka kaburini. Na Kamusi, ambaye hakuna aliyemzuia, akaendelea kwa mbwembwe zote.

"Wewe ndiye uliyebebwa mgongoni hadi majirani wakacheka. Wewe ulipigiwa simu Jumanne kwamba mama amezidiwa. Wewe ulijibu utakuja Alhamisi, ukimaliza milango ya mteja. Milango! Mama alikuulizia mara tatu, na mara tatu nilimwambia uko njiani. Jumatano niliporudi kutoka kipindi cha marudio jirani alinipokea mlangoni, na uso wake ulinitosha, sikuuliza. Wewe hukuwepo. Wewe ulikuja kushika sepetu."

Ikaendelea hivyo, wewe na wewe, hadi mwisho: "Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Nimekusamehe. Kaingie kwa daktari na moyo mweupe. Dada yako."

Kamusi aliketi. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, ya leo umeweza. Ile ya wiki jana, ya fundi bomba, ilikuwa ya kitoto."

"Ahsante," alisema mwalimu. "Swali la kwanza. Nani anasimulia?"

"Nafsi ya kwanza," alisema Kamusi bila kuinua mkono. "Msimulizi ni dada mtu."

"Na ni mwalimu!" alidakia kijana wa dawati la nyuma. "Ushahidi upo hapa, 'kipindi cha marudio'."

"Labda ni mwanafunzi," alisema mwingine.

"Mwanafunzi gani ana mdogo seremala mwenye wateja? Ni mwalimu huyo." Kijana wa nyuma alifikiri, kisha akatabasamu tabasamu baya. "Mwalimu, isije ikawa ni wewe?"

Swali lilikuwa la kumnasa. Lakini mtu hafundishi miaka ishirini na sita bure. "Nimewafundisha nini," aliuliza, "kuhusu msimulizi na mwandishi?"

"Msimulizi si mwandishi!" darasa zima likaitika, kwa mdundo uleule wa siku zote.

"Kalamu chini atakayesahau hilo kwenye mtihani," alisema. Istilahi alizifundisha maisha yake yote, lakini hakuna iliyowahi kumwokoa kama ile. Kijana wa nyuma alinywea.

Wakapita mandhari, wakapita wahusika. Mmoja alimwita seremala mhusika bapa, kwa kuwa hatendi lolote ila kukosa, mwalimu akakubali haraka kuliko ilivyostahili. Wakafika kwenye dhamira.

"Dhamira ni msamaha," alisema Kamusi. "Ushahidi ni sentensi ya mwisho: 'Nimekusamehe'."

"Vizuri sana," alisema mwalimu, na alimaanisha. Msamaha ndio aliokusudia. Akajiona msomi aliyeeleweka, akainua chaki kuandika.

"Mwalimu, mimi huo msamaha siuoni."

Alikuwa msichana wa dirishani. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu katika kusoma alikuwa wa mwisho siku zote; wengine wakiwa swali la nne yeye bado anarudia aya ya pili. Mwalimu mwenyewe alikuwa amemwonya mara mbili kwamba mtihani hautamsubiri.

"Huuoni vipi, na umeandikwa?"

"Umeandikwa, ndiyo." Taratibu aliinamia karatasi, kidole kikiwa bado juu yake. "Nimehesabu, Mwalimu. Neno 'wewe' liko mara kumi na nne. 'Mimi' liko mara moja tu, pale anaposema yeye si mtu wa kinyongo."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, maana asiyecheka ndiye anayetazamwa.

"Halafu kuna kitu dada hakukisema."

"Soma mstari."

"'Jumatano niliporudi kutoka kipindi cha marudio jirani alinipokea mlangoni.'" Taratibu aliinua macho. "Kwa hiyo mama alipokata roho na dada hakuwepo. Alikuwa kazini. Mdogo wake naye alikuwa kazini. Kosa ni lilelile, Mwalimu, ila la mdogo limeandikwa ukurasa mzima, la dada limepita kwenye nusu mstari."

Hata Kamusi alirudia kusoma, mdomo ukimcheza. "Lakini dada ndiye aliyemuuguza mama," alisema.

"Alimuuguza, sikatai. Ndiyo maana anaumia hivi. Mimi naona hamkasirikii mdogo wake sana. Anajikasirikia mwenyewe, sasa mdogo ndiye yuko karibu na mkono."

"Ushahidi uko wapi?" Mwalimu alijisikia akiuliza. Mdomo ulikuwa umezoea.

Taratibu alichukua muda wake. "Jumanne ametueleza yote, simu, majibu, mama kuulizia. Jumatano anaanzia pale anaporudi nyumbani. Asubuhi ameiruka. Mtu mwenye kumbukumbu hivi haruki asubuhi nzima kwa bahati mbaya."

"Nyani haoni kundule!" alisema kijana wa nyuma, na darasa likapasuka kwa kicheko, viti vikasukumwa, kiranja akapiga meza.

Ilikuwa heri wacheke, kwa sababu mwalimu aliweza kugeukia ubao bila mtu kuuliza. Asubuhi ile aliyoiruka aliijua dakika kwa dakika. Jirani alisimama mlangoni akamwambia, "Mwalimu, leo mama simwoni vizuri. Usiende." Mama mwenyewe aliinua mkono kutoka kitandani, ama kumuaga ama kumwita, mpaka leo hakujua. Naye alitazama saa. Kulikuwa na wanafunzi arobaini na mtihani wiki mbili mbele. Alisema, "Narudi saa nane," akaenda. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari hiyo, na alikuwa ameifunika kwa milango ya Fundi, mlango juu ya mlango, hadi yeye mwenyewe akaacha kuiona.

Ajabu ni kwamba hakuona aibu aliyoiogopa. Alichosikia kilikuwa kama mtu amempokea begi zito mkononi akamwambia, lete, mimi nimeshaona lilivyo. Aliandika ubaoni, chini ya yale yaliyokuwapo: "Swali la kumi na moja. Msimulizi ameruka nini?" Wanafunzi wakainama kunakili, wengine wakinung'unika kwamba marudio gani haya ya kuongezewa maswali.

"Tumalizie," alisema alipogeuka. "Swali la kumi. Ungekuwa wewe mwandishi, ungebadilisha nini?"

"Ningeongeza tashbihi mbili," alisema Kamusi.

"Taratibu?"

"Mimi ningeifuta yote. Ningeandika mstari mmoja."

"Mstari gani?" Mwalimu aliuliza upesi mno.

Msichana aliinua mabega. "Sijui, Mwalimu. Mimi siyo dada yake."

Kengele ikalia. Mwalimu alitaka nakala zote zirudi mbele, akazihesabu mara mbili, arobaini na moja, akazifunga kwa uzi. Taratibu alipopita na yake, mwalimu alimshika bega. "Yale niliyokuambia kuhusu kusoma haraka," alisema, "yaache. Soma hivyohivyo. Muda tutautafutia mahali pengine." Msichana akatabasamu hadi masikioni, akakimbia kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Kwa Wino alikwenda kudai karatasi yake. Wino alikuwa amefungua tumbo la mashine anaipangusa. "Nilitoa upande uliokuwa juu," alisema. "Kwani nimekosea?"

"Hujakosea."

"Afadhali. Leo ungenidai nakala nyingine nisingeweza. Mashine imechoka."

Saa saba kamili wifi yake alikuwa getini, kikapu cha chakula mkononi na wasiwasi usoni. Hakuwa na muda wa maneno mengi. "Wifi, barua iko tayari?"

"Barua haipo."

Wifi alishusha mabega. "Haya. Mimi langu nimefanya. Sikulaumu."

"Subiri kidogo," alisema mwalimu. "Nimeomba ruhusa. Nakwenda mwenyewe."

Wifi alimpa upande mmoja wa kikapu ashike, wakaenda nacho hivyo, mmoja huku, mwingine huku, kama wasichana waliotumwa dukani.

Niseme mapema ili mtu asikae roho juu bure: upasuaji wa kesho yake ulikwenda salama, na Fundi yupo hadi leo anasumbua watu. Taharuki ya hadithi hii haiko kwa daktari. Iko kwenye chumba chenye vitanda sita, Jumatatu saa nane kasoro, pale wifi aliposukuma mlango.

Fundi alikuwa ameketi kitandani, amekonda, amekikabili kile kikabati cha kando ya kitanda. "Bawaba hizi zimefungwa na nani?" alikuwa akimwuliza jirani wa kitanda cha pili. "Tazama. Amepigilia misumari palipotaka skrubu. Mgonjwa anaweza kupona ugonjwa akauawa na kabati." Akageuka kumpokea mkewe, akamwona aliye nyuma ya mkewe.

Njia nzima mwalimu alikuwa amepanga maneno, utangulizi, kiini na hitimisho. Pale kitandani hakuona hata moja. Alikuwa amesimama na kikapu mbele ya mdogo wake, yule aliyebebwa mgongoni mwake.

"Siku ile," alisema, "na mimi sikuwepo."

Fundi aliuacha mlango wa kikabati.

"Jirani aliniambia nisiende. Mama aliinua mkono. Nikatazama saa, Fundi, nikaenda kufundisha. Halafu nikaja nikakuvua nguo wewe mbele za watu. Nisamehe."

"Najua," alisema Fundi.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukuwepo. Jirani aliniambia palepale msibani, nilipofika. Alisema, dada yako hata kulia hajalia, naona anajilaumu." Alijisogeza kitandani, akaguna kwa maumivu. "Nikanyanyuka nije nikupe pole. Nilikuwa nakuja kwako, dada. Ndipo ukanikuta njiani na yale maneno."

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Wifi aliondoa kikapu mikononi mwake taratibu.

"Na mimi milango ile ingeweza kungoja," alisema Fundi. "Mteja mwenyewe hakuwa hata na haraka. Kila nikishika randa naikumbuka. Lakini pole yako ninayo. Miaka mitatu ninayo, sikupata pa kuipitishia."

Machozi yalimtoka mwalimu bila kuomba ruhusa, yale ya siku ya mazishi na ya siku zote zilizofuata, na hakuyafuta. Wagonjwa wa vitanda vingine walitazama dari kwa adabu. Akanyoosha mkono wake, bado una vumbi la chaki kwenye kucha.

"Basi nipe sasa," alisema.

Fundi akaushika kwa mikono yake yote miwili, akampa.